Mfungo wa Mwalimu Linah

Tangu Julai watu wa kanisa letu wana maneno mengi juu ya Linah Chepkurui. Wengine wanasema alimuuza msichana wa watu. Wengine, hasa wale wa kwaya, wanasema ni shetani tu alimjaribu, na wakishasema hivyo wanaagiza chai nyingine. Mimi nilikaa naye ofisi moja miaka kumi na moja, madawati yetu yakitazamana, na nina hasira naye kuliko wao wote. Kwa hivyo nadhani mimi ndiye ninayefaa kueleza habari zake.

Ofisi yetu iko nyuma ya kanisa kuu hapa Nakuru, upande wa Milimani, vyumba viwili vilivyokuwa stoo ya viti. Mlangoni pameandikwa Idara ya Umisheni Ulimwenguni. Mgeni akisoma maneno hayo kisha akachungulia ndani, akatuona sisi wawili na birika, hucheka. Lakini tulikuwa na wamisionari arobaini na tatu katika nchi kumi na moja. Zamani ni wazungu waliokuja kwetu na Biblia na kofia zao. Sasa Kanisa la Injili la Bonde ndilo linalotuma watoto wa wakulima wa Gilgil, Molo na Mau Narok kwenda huko duniani. Kazi yangu mimi, Mathenge, ni pasipoti, viza na tiketi. Mengine yote yalikuwa ya Linah.

Na nikisema yote, simaanishi nusu. Alijua nani ana pumu, nani hali samaki, mtoto wa nani anafanya mtihani mwaka huu. Alituma majani ya chai Madagaska, na Mongolia akatuma sweta alizofuma mwenyewe, mikono yake mirefu kupita kiasi, na hakuna mmisionari aliyethubutu kumwambia. Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa amefika, anasoma ujumbe wa simu kabla hajavua koti. Mtu mmoja asipoandika siku yake, siku hiyo hatukunywa chai kwa raha ofisini.

Alizaliwa Mau Narok, kwenye ngano na baridi, akafundisha darasa la nne miaka kumi na tisa. Ndiyo sababu hata askofu wetu humwita Mwalimu. Alipokuwa na miaka ishirini na minne aliomba kutumwa yeye mwenyewe, na wazee wa wakati huo wakamwambia kanisa halitumi msichana ambaye hajaolewa. Akaolewa na Kipngetich, mtu mpole sana, akamzika baada ya miaka kumi na minne. Kufikia wakati kanisa lilipobadilisha mawazo, magoti ya Linah yalikuwa yameanza kumsumbua. Basi akawa mtu wa kusindikiza wengine uwanja wa ndege. Jambo hilo alinisimulia mara moja tu, akipanga faili, wala hakunitazama.

Kuna nchi za kawaida, na kuna nchi ambazo mtu akijulikana ni mmisionari anafungwa, au anapotea kabisa. Hizi za pili ofisini hatuzitaji. Tunasema "nchi ile," hata tukiwa wawili tu. Kanuni za nchi ile aliziandika Linah mwenyewe, kurasa mbili. Mmisionari wa huko hatajwi kwa jina, anatajwa kwa herufi. Picha yake haionyeshi uso. Wazazi wake hawaambiwi yuko wapi, kwa sababu mzazi ana mdomo na mdomo una majirani. Na kila mmoja ana mahali pa kungoja: mambo yakiharibika anazima simu, anakwenda pale kila asubuhi saa nne kwa siku tatu, na mtu wetu atakuja kumchukua.

Kanuni hizo hazikuwa za mchezo. Miaka mitatu iliyopita kijana wetu mmoja, Kigen, alituma kwa rafiki yake picha ya ubatizo ambayo nyuso zilionekana. Picha moja. Linah alimrudisha nyumbani wiki hiyo hiyo. Kigen alilia pale mbele ya dawati, mwanamume mzima, akaomba asamehewe, na Linah akamwambia, "Mimi nimekusamehe, Kigen. Lakini hurudi." Siku hizi analima viazi huko Mau Narok na akituona mjini anavuka barabara.

Tabby Wangeci alikuwa wa nchi ile. Muuguzi, umri miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Ndabibi, msichana wa kucheka kwa sauti mpaka unaogopa vikombe. Alifanya kazi katika kliniki ya watoto, na siku za Ijumaa akina mama wachache walikusanyika kwake kusoma Injili. Kwenye orodha yetu ya maombi, ile inayosomwa katika makanisa yote, aliandikwa hivi: T., muuguzi, nchi ile. Mama yake alikuwa akisikia orodha hiyo ikisomwa kila Jumapili, na kwa miaka miwili hakujua mtoto wake anaamka upande gani wa dunia.

Jumapili ya kwanza ya Julai tulikwenda Ndabibi kwa ibada ya umisheni. Nilikuwa naendesha mimi. Baada ya ibada akina mama walimzunguka Linah wakimtania, na mmoja akasema, "Mwalimu, sisi hatuombei herufi. T ni nani? Mungu akituuliza ni T gani tutamjibu aje?"

Wakacheka wote. Mama Tabby hakucheka. Alimshika Linah mkono, wakaingia chumba kidogo cha mchungaji, mlango ukafungwa. Mimi nilikuwa nje na sahani ya githeri. Nilimwona Linah akitoka macho mekundu, na sikumuuliza. Njiani tulisimama Kikopey kwa nyama kama kawaida yetu, na hakugusa hata mbavu moja. Hapo pia sikumuuliza.

Yaliyosemwa chumbani nilikuja kuambiwa baadaye. Mama Tabby alisema, "Mwalimu, mimi nilizaa mtoto, sikuzaa siri. Akikohoa, niambie tu anakohoa wapi." Na Linah, aliyemrudisha Kigen kwa picha moja, akamwambia. Akamtajia nchi, akamtajia mji. Mama akauliza, "Na huko anafanya nini kingine?" Akamwambia na habari ya wale akina mama wa Ijumaa, ili ajivunie mtoto wake kidogo. Kisha akamwapisha asimwambie mtu. Mama akaapa, na najua aliapa kwa moyo wake wote.

Lakini mtu asiyejua kanisa letu hawezi kuelewa. Sisi tumelelewa kwamba ukijibiwa ombi ukakaa kimya, umemwibia Mungu sifa yake. Mtoto wa Sunday school anajua hivyo. Mama Tabby aliomba miaka miwili ajue mtoto wake alipo, na sasa alikuwa amejibiwa. Alikaa na jibu hilo siku sita. Jumapili iliyofuata mchungaji wa Ndabibi akauliza kama kawaida, "Nani ana ushuhuda?" Akauliza mara ya pili. Mara ya tatu Mama Tabby akasimama.

"Mlisema hamuombei herufi," akasema. "Basi leo nina jina."

Akataja jina la mtoto wake. Akataja nchi, akataja mji, akataja akina mama wa Ijumaa. Kanisa zima likalia kwa furaha. Wakaomba karibu nusu saa, wakilitaja jina la mji ule kwa nguvu kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya shamba. Na kamera ya kanisa ilikuwa inarusha kila kitu moja kwa moja Facebook, kama kila Jumapili, ili watoto wao walio Ulaya na Uarabuni nao wabarikiwe.

Tulijua Alhamisi. Mwanakanisa mmoja anayeishi ng'ambo alimpigia Linah simu kumshukuru. "Mwalimu, aki tumebarikiwa na ile video ya Ndabibi!" Linah akauliza video gani. Aliitazama akiwa amesimama, mkono mmoja juu ya dawati langu, na mimi nikaitazama pamoja naye. Chini ya video, katikati ya Amina na Haleluya za watu wetu, mtu tusiyemjua alikuwa ameuliza kwa Kiingereza: mtaa gani?

Tulipiga simu Ndabibi video ikafutwa, lakini ilikuwa imekaa siku nne na kusambazwa na watu zaidi ya mia. Linah akamwandikia Tabby ujumbe mmoja wa kumwambia aende mahali pa kungoja. Tabby akajibu neno moja, kwamba ameelewa, akazima simu. Mahali pake palikuwa duka la mkate karibu na hospitali. Mtu wa kumchukua angetumwa na Nyongesa, ndugu wa kanisa letu anayeishi nchi jirani, ambaye kazi yake ni kuwatoa watu kama hawa. Ilikuwa jambo la asubuhi moja tu.

Ijumaa kamati ikakutana kwa haraka, na Askofu Makhanu mwenyewe akiwa mwenyekiti. Mama Tabby akaletwa kutoka Ndabibi, akakalishwa mbele ya wanaume watano wenye suti. Linah alikuwa katibu wa kamati, kwa hivyo alikuwa pembeni na daftari. Askofu akauliza kwa upole, "Mama, haya mambo uliyasikia kutoka kwa nani?"

Mama Tabby alimtazama Linah kidogo. Akatazama chini. "Ni Tabby aliniambia," akasema. "Kwa simu."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Yule mama alikuwa akimlinda Mwalimu. Alipewa kitu kwa huruma akakimwaga mbele ya dunia nzima, na sasa asingeweza tena kumtaja aliyempa. Alidhani uongo huo hautamdhuru mtu. Binti yake angekemewa akirudi, basi. Na Linah Chepkurui, kwa mkono wake, kwa mwandiko wake mzuri wa darasa la nne, akauandika uongo ule kwenye daftari la kamati.

Askofu akampigia Nyongesa pale pale, simu ikiwa mezani wote wasikie. Nyongesa akasema, "Kama alisema kwa simu, Baba Askofu, basi simu yake inasikilizwa siku nyingi. Wanamjua, wanajua anakokwenda, wanangoja mtu aje kumchukua. Nikimtuma mtu wangu pale nimempeleka jela. Mtu huyo ana watoto wanne. Siwezi. Tusubiri tuone."

"Na kama hangekuwa amesema kwa simu?" mzee mmoja akauliza.

"Hapo ningeenda leo hii. Jina tu likijulikana, bado kuna muda mdogo. Lakini simu, hapana."

Linah alisikia maneno hayo. Mimi nilikuwa pale nimeleta pasipoti ya Tabby, ile nakala, na nilimwona akisikia. Alikuwa amebakiza kufungua mdomo tu. Sentensi moja ingetosha: mama anadanganya, ni mimi. Kalamu ilikuwa mkononi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemwagiwa maji baridi. Alifikiria nini, Mungu anajua. Alimfikiria Kigen, hilo najua, maana aliniambia. Aliwafikiria wale arobaini na wawili wengine, watakaposikia kwamba aliyeandika kanuni ndiye aliyezivunja. Aliona haya. Ni haya tu, wala si jambo lingine kubwa, na hilo ndilo linaloniumiza mimi mpaka leo.

Askofu akatangaza mfungo wa siku tatu kwa kanisa lote, Ijumaa hiyo hadi Jumapili. Watu wakafunga kweli, kuanzia Naivasha mpaka Molo. Linah alifunga kavu, bila hata maji. Aliniambia kwamba alijiahidi mfungo ukiisha Mungu atakuwa amempa nguvu ya kusema. Ijumaa alikuwa kanisani amepiga magoti, yale magoti yake mabovu, juu ya sakafu. Jumamosi vivyo hivyo. Nilipita karibu nikamsikia akisema, "Mfunike, Bwana. Mfunike, mfunike." Midomo yake ilikuwa imepasuka. Mimi nilikuwa nimeshaanza kukisia, kwa sababu ya kile chumba cha Ndabibi na zile mbavu za Kikopey. Nilimhurumia. Ningemshika bega nikamwambia, Mwalimu, inuka uende ukaseme. Badala yake nikapiga magoti safu ya nyuma nikaomba na mimi.

Jumatatu saa nne asubuhi aliingia ofisi ya askofu na kusema yote kwa pumzi moja. Mimi niliitwa baadaye kidogo, nikamkuta amesimama katikati ya zulia kama mtoto wa shule. Askofu Makhanu alikuwa ameshika kichwa. "Kwa nini hukusema Ijumaa?" akauliza. Askofu akamwambia Nyongesa habari hiyo kwenye simu, na Nyongesa hakugomba, ingawa ningependa angegomba.

"Mwalimu," akasema, "mtu wangu alikuwa mji huo huo. Kutoka kwake hadi dukani ni dakika ishirini."

Akakata simu, akamtuma mtu wake. Jioni hatukupata neno. Jumanne mchana ndipo alipopiga. Mwenye duka alikuwa amesimulia kila kitu. Msichana mgeni alikuja Ijumaa saa nne, akanunua mkate, akakaa kwenye kiti karibu na dirisha mpaka saa sita. Jumamosi akaja, akanunua mkate, akakaa. Jumapili pia. Kanuni zinasema siku tatu, na zikiisha mtu ajitafutie njia yake ya kutoka. Lakini Jumatatu Tabby akaja tena. Nadhani alimjua Linah, akajua hawezi kumsahau, akaona labda wamechelewa tu. Saa nne na nusu gari likasimama nje, wanaume wawili wakaingia. Mtu wa Nyongesa alifika saa tano kasoro kumi. Mkate ulikuwa bado mezani.

Jumatano tulikwenda Ndabibi, Linah na mimi. Askofu alitaka kutuma wazee, Linah akakataa, akasema huu ni mzigo wake. Tulipita Kikopey, tukapita Gilgil, tukazunguka ziwa. Nilikuwa na hasira hivi kwamba nilibadilisha gia vibaya kama mtu anayejifunza. Nilitaka kumwambia kitu cha kumuumiza, na kila nilipomtazama sikuona mahali palipobaki pa kuumizwa.

Mama Tabby alikuwa anachambua maharagwe nje ya nyumba. Alipotuona hakuinuka. Linah akaketi chini kwenye nyasi, mbele yake, akamwambia. Hakuficha kitu. Alimwambia uongo wake ulifanya nini, na akamwambia kwamba angeweza kuufuta siku ile ile na hakufuta. Akamwambia habari ya duka, na kiti cha dirishani, na mkate.

"Alingoja siku ngapi?" Mama Tabby akauliza.

"Nne."

Mama akaendelea kuchambua maharagwe. Nilihesabu mengi sana, mabovu huku, mazuri huku. Ng'ombe wa jirani alilia. Nilifikiri labda hakuelewa, nikataka kumweleza mimi, kisha nikaona machozi yanadondoka ndani ya ungo bila uso wake kubadilika hata kidogo.

"Mwalimu," akasema mwishowe, "siku hizo zote ukijua ni uongo, wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nafunga, Mama Tabby," Linah akasema. "Nilikuwa nafunga na kumwombea."

Yule mama akaweka ungo chini.

"Na mimi," akasema. "Na mimi nilikuwa nafunga."